Kutoa na kukuza seli za Schwann zisizo na Nf1 kutoka kwa viinitete vya panya: mwongozo kamili

Wengi wanaojaribu kazi hii hukwama mahali pamoja. Siku ya kumi dishi limejaa, mtafiti anafurahi, kisha kingamwili ya S100 (alama ya seli za Schwann) inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichojaa ni fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi. Wengine hupata seli safi kabisa, ila wanagundua baadaye kwamba kiinitete walichokiita −/− (nakala zote mbili za Nf1 zimeharibika) kilikuwa +/− (moja tu imeharibika). Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makundi hayo mawili.

Lengo ni kupata seli za Schwann, zile zinazofunika nyuzi za neva, kutoka kwa kiinitete kimoja kimoja cha panya, zenye usafi wa asilimia 95 au zaidi, na kuthibitisha kwamba zimepoteza nyurofibromini, protini inayokosekana katika vivimbe vya neva vya ugonjwa wa kurithi wa NF1. Kazi ya protini hiyo ni kuzima Ras, swichi inayoiamuru seli kukua. Ikipotea, Ras hubaki imewaka muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na ndiyo sababu vipimo vya mwishoni vinaangalia Ras, ERK (protini inayobeba ishara ya Ras) na mgawanyiko wa seli.

## Kwanza, hakikisha una panya anayejibu swali lako

Hapa ndipo miezi hupotea kabla hata mkasi haujashikwa.

Panya mwenye nakala moja tu iliyoharibika (Nf1+/−) hapati nyurofibroma. Ukimkuza hadi uzee ukisubiri uvimbe wa neva, utasubiri bure. Mwenye nakala zote mbili zilizoharibika mwili mzima (Nf1−/−) hufa tumboni karibu na siku ya 13.5 ya mimba kwa sababu ya kasoro ya moyo, kwa hiyo yeye hukupa seli tu, uvimbe hakupi.

Ukitaka uvimbe wenyewe, tumia panya ambaye Nf1 inakatwa na Cre (kimeng'enya kinachokata jeni iliyowekewa alama, zinazoandikwa fl) ndani ya ukoo wa seli za Schwann pekee. Dhh-Cre pamoja na Nf1fl/fl hutoa nyurofibroma kwenye mizizi ya neva za uti wa mgongo ndani ya miezi kadhaa. Krox20-Cre pamoja na Nf1fl/− hutumika zaidi pale unapotaka kuona mchango wa seli jirani zenye nakala moja, hasa seli za mast (aina ya seli za kinga). Panya mwenye Nf1 na Trp53 (jeni inayozuia saratani) zilizoharibika kwenye kromosomu ileile ya 11 hupata uvimbe mbaya wa saratani. Huyo usimtumie kama mfano wa nyurofibroma ya kawaida. Na kama unachotafuta ni schwannoma (uvimbe wa seli za Schwann pekee), hiyo ni habari ya jeni nyingine, Nf2, ambayo kwa kawaida hukatwa kwa P0-Cre au Periostin-Cre.

Kwa kazi ya seli, tunapendekeza uanze na Nf1−/− ya mwili mzima. Cre haikati kila seli, na siku ya 12.5 Dhh-Cre ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi, hivyo utapata mchanganyiko wa seli zilizokatwa na zisizokatwa. Ukiwa na −/− tangu mwanzo, kila seli kwenye dishi ina jenotaipu (hali ya nakala za jeni) moja. Udhaifu wake ni kwamba hata fibroblasti zilizobaki ni −/−, na ndiyo maana usafi unahesabika sana.

## Vitu vya kuandaa

Wanyama: majike 3 hadi 4 na madume 2, wote Nf1+/−, wa asili moja ya kijenetiki. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kwa wanyama kiwe mkononi kabla ya kuwapandisha.

Vifaa: darubini ya kupasulia yenye mwanga wa pembeni, vibano viwili vyembamba vya namba 5, mkasi mdogo wa springi, pipeti za Pasteur za kioo ambazo midomo yake imelainishwa kwa moto, inkyubeta ya 37 °C yenye CO₂ asilimia 5 (angalia kiwango kinachotakiwa na midia yako), sentrifuji, madishi ya milimita 35.

Midia na dawa:

- Midia ya L-15 yenye baridi, mililita 200. Hii haihitaji CO₂, hivyo tindikali yake haibadiliki ukiwa mezani.
- Tripsini asilimia 0.25.
- Kolajenasi asilimia 0.1, iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22.
- Midia ya usiku wa kwanza: DMEM, seramu ya FBS (ya kijusi cha ng'ombe) asilimia 10, NGF (kichochezi cha ukuaji wa neva) nanogramu 50 kwa mililita.
- Midia isiyo na seramu: DMEM/F12, kirutubisho cha N2, NGF nanogramu 50 kwa mililita.
- Midia ya seli za Schwann: DMEM, FBS asilimia 10, nyuregulini-1 beta nanogramu 10 kwa mililita, foskolini mikromola 2 (zote mbili huchochea seli za Schwann kugawanyika).
- Poli-L-laisini (ya kugundishia seli kwenye dishi) mikrogramu 50 kwa mililita.

NGF na nyuregulini zigawanywe kwenye vijichupa vidogo siku ileile zinapofika, kila kimoja cha kutumika mara moja. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huziua taratibu, nawe hutajua hadi seli zikatae kugawanyika. Kifurushi kikikaa forodhani hadi barafu kavu ikaisha, jaribu kijichupa kimoja kwanza kwa seli za panya wa kawaida kabla ya kukitumia kwenye jaribio lenyewe.

## Hatua ya 1: Pandisha na hesabu siku kwa usahihi

Weka jike na dume pamoja jioni. Asubuhi angalia kizibo cheupe ukeni. Ukikiona, mtenge jike, na mchana wa siku hiyo uandike kuwa siku ya 0.5. Pasua siku ya 12.5.

Kwa nini 12.5 na si 13.5? Kwa sababu siku moja baadaye viinitete vya −/− vinaanza kufa, na ganglia (vifundo vya seli za neva kando ya uti wa mgongo) za kiinitete kinachokufa hutoa seli dhaifu ambazo utazilinganisha bila haki na za ndugu zake wazima.

Kizibo hudondoka mapema, kwa hiyo angalia kabla ya saa tatu asubuhi. Usipokiona usikisie tarehe.

Kwa wastani robo ya viinitete ni −/−. Mimba yenye viinitete 8 ina uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kutokuwa na hata kimoja cha −/−. Ndiyo maana tumesema majike 3 au 4; wa kumtegemea mmoja hubahatisha.

Dalili ya mafanikio: siku ya 12.5 vidole vya miguu ya mbele vinaanza kuonekana kama miale kwenye kiganja bapa. Vidole vikiwa vimeshaachana, umechelewa.

## Hatua ya 2: Toa viinitete na uvipe namba

Muue jike kwa njia iliyoidhinishwa kwenye kibali chako, kisha thibitisha kifo kwa njia ya pili. Mwagia tumbo ethanoli asilimia 70, toa mfuko wa uzazi wote, uweke kwenye L-15 juu ya barafu.

Fungua kifuko kimoja kimoja. Kabla ya yote angalia moyo: usipodunda, kiache kiinitete hicho. Kila kinachofaa kipewe dishi lake na namba yake, na namba hiyo ndiyo itakayofuata ganglia, seli na DNA hadi mwisho. Usichanganye viinitete kamwe, kwani bado hujui nani ni nani.

Kwa jenotaipu, kata mkia au mguu wa nyuma, usitumie utando wa mfuko wa kiinitete. Utando hubeba damu na tishu za mama, na mama ni +/−. Tishu yake kidogo tu ikiingia kwenye PCR, −/− na +/+ wote watasomeka +/−. Suuza kipande mara mbili kwenye L-15 safi, na futa vibano kwa ethanoli kila unapohama kiinitete.

## Hatua ya 3: Chuma ganglia

Hii ndiyo hatua ya mikono, na haina njia ya mkato isipokuwa mazoezi. Zoeza kwanza kwa mimba mbili za panya wa kawaida.

1. Kata kichwa. Laza kiinitete chali.
2. Fungua kifua na tumbo kwa kati, ondoa viungo vyote vya ndani hadi uone safu ya uti wa mgongo.
3. Pasua safu hiyo kwa upande wa mbele kuanzia shingoni kushuka chini. Bado ni gegedu laini, hivyo ncha ya kibano inatosha.
4. Shika ugwe wa neva kwa juu na uunyanyue polepole. Ganglia zitakuja zikiwa zimening'inia pande zote mbili.
5. Hamishia ugwe kwenye dishi lenye L-15 safi. Bana mzizi, chomoa ganglia, kata mkia wa neva unaoning'inia.

Utapata takriban ganglia 40 kwa kiinitete kimoja. Chini ya 25, nyingi zimebaki kwenye safu ya uti, rudi ukazitafute.

Ngozi nyembamba inayozunguka ganglia ndiyo chimbuko kubwa la fibroblasti. Kila ganglia iwe duara safi, bila vinyuzi. Dakika tano za kusafisha hapa zitakuokolea wiki nzima baadaye. Hata hivyo usizidishe dakika 30 kwa kiinitete kimoja. Seli za kwanza kuchoka ni hizi unazozitaka.

## Hatua ya 4: Tenganisha seli na uzipande

Weka ganglia za kiinitete kimoja kwenye mililita 1 ya tripsini, 37 °C, dakika 20. Simamisha kwa mililita 2 za midia yenye FBS. Zungusha kwa 200 g dakika 5, mwaga maji ya juu, ongeza mililita 1 ya midia ya usiku wa kwanza.

Pandisha na shusha kwa pipeti ya Pasteur mara 10 hadi 15, pole pole, bila kutoa mapovu. Mchanganyiko ukiwa na kamba kama ute wa yai, DNA ya seli zilizokufa imemwagika: umetumia nguvu nyingi au tripsini imekaa mno. Ondoa kamba hiyo kwa ncha ya pipeti, usijaribu kuivunja.

Panda kiinitete kimoja kwenye dishi moja la milimita 35, jumla mililita 2.

Onyo kubwa: dishi hili la kwanza *lisipakwe* poli-L-laisini. Watu wengi hulipaka kwa mazoea, na hapo ndipo kazi huharibika. Hatua ya 6 inategemea utando wa niuroni na seli za Schwann kubanduka kutoka chini. Ukiugundisha kwa poli-L-laisini, hautabanduka, na hutakuwa na njia ya kuuacha nyuma mkeka wa fibroblasti.

## Hatua ya 5: Ondoa seramu asubuhi inayofuata

Baada ya saa 16 hivi, seli zitakuwa zimeshika. Ondoa midia yote, suuza mara moja kwa DMEM/F12 tupu, weka midia isiyo na seramu yenye N2 na NGF. Badilisha nusu kila baada ya siku mbili.

Sababu ni hii: fibroblasti hustawi kwa seramu, wakati seli za Schwann zinapata ishara ya kugawanyika kutoka kwenye nyuzi za niuroni. Ukiondoa seramu na kuacha NGF, niuroni zinaishi na kurefusha nyuzi, seli za Schwann zinazifuata, na fibroblasti zinapungua mwendo. Kila siku ya ziada ndani ya seramu ni zawadi kwa adui.

Kuna jambo la kibayolojia ambalo halitajwi vya kutosha. Siku ya 12.5 unachotoa kwenye ganglia ni vitangulizi vya seli za Schwann. Vinakomaa ndani ya dishi, vikiwa vimegusana na niuroni. Kwa hiyo usipime S100 siku ya pili ukakata tamaa kwa kuona giza.

Dalili ya mafanikio: siku ya 3 hadi ya 4 nyuzi za niuroni zimetanda, na juu yake zimejipanga seli nyembamba zenye ncha mbili, kama shanga kwenye uzi.

## Hatua ya 6: Bandua utando

Kati ya siku ya 5 na ya 7, utando wa nyuzi na seli za Schwann huanza kujikunyata na kuinuka kingoni. Angalia kila asubuhi. Ukingo ukiinuka, siku ndiyo hiyo.

1. Kwa sindano nyembamba au ncha ya kibano, nyanyua ukingo na uukunje utando taratibu kuelekea katikati. Seli bapa zilizobaki chini ni fibroblasti. Ziache hapo hapo.
2. Hamisha utando kwenye mrija wenye mililita 1 ya kolajenasi asilimia 0.1. Weka 37 °C kwa dakika 30, tikisa kila dakika 10.
3. Tenganisha kwa pipeti ya mdomo mwembamba mara 10, zungusha kwa 200 g dakika 5.
4. Panda kwenye dishi *lililopakwa* poli-L-laisini (saa 1, kisha suuza mara tatu kwa maji safi yaliyotakaswa na kukausha), ndani ya midia ya seli za Schwann.

Midia hii haina NGF kwa makusudi. Niuroni za ganglia za umri huu haziwezi kuishi bila NGF, kwa hiyo zilizosalia zitakufa zenyewe ndani ya siku chache. Suuza mabaki.

Utando ukikataa kuinuka siku ya 7, usiukwangue. Kukwangua kunachukua kila kitu, fibroblasti pamoja. Afadhali uvune kwa njia ya kawaida kisha uondoe fibroblasti kwa kingamwili ya Thy1.2 (alama iliyo juu ya fibroblasti) pamoja na komplimenti (protini za seramu zinazoua seli zilizoshikwa na kingamwili). Njia hiyo inafaa kwa C57BL/6 na panya wengine wengi, ila si kwa AKR, ambao wana Thy1.1.

Wapo wanaoondoa fibroblasti kwa dawa ya Ara-C. Kwa kulinganisha jenotaipu hatuipendekezi: Ara-C huua seli zinazogawanyika, na kasi ya mgawanyiko ndiyo hasa unayotaka kuipima. Utakuwa umechagua upande kabla mechi haijaanza.

## Hatua ya 7: Thibitisha kabla ya kupima chochote

Usafi. Panda seli kidogo kwenye kioo, ziimarishe kwa parafomaldehaidi asilimia 4 dakika 15, kisha ziwekee kingamwili za S100B na SOX10 (alama za seli za Schwann), na fibronektini kwa ajili ya fibroblasti. Hesabu angalau viini 300 katika sehemu zilizochaguliwa bila upendeleo. Chini ya asilimia 95, dishi hilo lisitumike kwa upimaji wa protini, ingawa bado linaweza kutumika kwenye darubini ambako unaona kila seli ni ya aina gani.

Usitegemee umbo peke yake. Seli za Schwann za −/− zilizokaa na foskolini zinaweza kutanuka na kuota matawi, zikafanana na fibroblasti kwa jicho la haraka.

Jenotaipu. Rudia PCR kwa DNA ya seli zenyewe, pembeni ya ile ya mkia. Zikitofautiana, mahali fulani namba zimepishana.

Nyurofibromini. Kwa mbinu ya Western (kutenganisha protini kwa ukubwa na kuzitambua kwa kingamwili), tafuta mstari karibu na kilodaltoni 250. Protini hii ni kubwa na huoza upesi, kwa hiyo vunja seli juu ya barafu ukiwa na vizuizi vya proteasi, tumia jeli ya asilimia ndogo, na hamisha usiku kucha kwenye 4 °C. Mstari ukikosekana hata kwenye +/+, tatizo ni uhamishaji au uozo. Usiharakishe kusema jeni imekatika.

## Hatua ya 8: Vipimo vitatu vinavyotosha kuanzia

Ras yenye GTP, yaani iliyowaka. Zishindishe seli na njaa usiku mmoja kwenye midia ya N2 bila nyuregulini wala foskolini. Chochea kwa nyuregulini nanogramu 10, vuna dakika ya 0, 5, 15 na 60, kisha nasa Ras kwa shanga zenye kipande cha Raf kinachoshika Ras. Ras huendelea kuvunja GTP hata baada ya seli kupasuliwa. Vimiminika vyote viwe baridi, na sampuli zote zipite mwendo uleule kwa dakika zilezile.

ERK yenye fosfeti. Tumia sampuli hizohizo, ukigawanya kwa ERK yote. Usishangae tofauti ikiwa ndogo dakika ya 0. Angalia muda ambao ishara inachukua kushuka. Weka kikundi cha PD0325901 nanomola 100 kwa saa moja na kingine cha DMSO (kiyeyushi cha dawa) kwa ujazo uleule. Dawa hii huzuia MEK, hivyo ishara ya ERK lazima ishuke. Isiposhuka, kingamwili au dawa yako ina kasoro.

Mgawanyiko. EdU (alama inayoingia kwenye DNA mpya) mikromola 10, saa 24 kwa seli za Schwann kwa sababu hazina haraka, kisha hesabu EdU ndani ya seli zenye SOX10 tu. Hapo fibroblasti zilizosalia haziwezi kukudanganya. Anayehesabu asijue jenotaipu.

Foskolini iondolewe saa 48 kabla ya kipimo chochote, kwa jenotaipu zote. Ikikaa muda mrefu kwenye seli za −/−, huzaa makundi ya seli zinazogawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida, na makundi hayo yanaweza kulimeza dishi lote. Matokeo utakayopata hapo yatakuwa ya kundi hilo dogo lililoshinda, wala si ya seli za Schwann zisizo na Nf1 kwa ujumla.

## Hesabu: kiinitete ndicho kipimo kimoja

Visima sita vya seli kutoka kwa kiinitete kimoja ni n = 1. Tunalisema hili wazi kwa sababu ndilo kosa linalorudisha makala nyingi kutoka kwa wahakiki. Chukua wastani wa visima, uwe namba moja ya kiinitete hicho. Lenga viinitete 5 vya −/− na 5 vya +/+, kutoka mimba 3 au zaidi, kila −/− akilinganishwa na ndugu wa mimba ileile. Weka na +/− pia: mgonjwa wa NF1 huzaliwa na seli za aina hiyo mwili mzima.

## Mambo yanapoharibika

*Seli hazishiki baada ya hatua ya 6.* Poli-L-laisini haikusuuzwa vizuri, na iliyobaki ikielea ni sumu. Au kolajenasi ilipita dakika 45.

*Niuroni zinakufa siku ya 2.* NGF. Karibu kila mara ni NGF.

*Usafi ulikuwa asilimia 97, baada ya kuhamisha mara moja umeshuka hadi 80.* Midia yenye seramu inazipa nguvu fibroblasti chache zilizopita. Pima usafi kila unapohamisha, si mara ya kwanza tu.

*Jenotaipu zote zinafanana kwenye kila kipimo.* Kagua mykoplasma (bakteria wadogo sana) kwa PCR. Hubadilisha ukuaji bila kuchafua midia kwa macho.

*Hakuna −/− hata mmoja katika mimba tatu mfululizo.* Rudia jenotaipu ya wazazi, kisha angalia kama tarehe zako za kizibo zimesogea siku moja mbele.

## Kuhifadhi

Hamisha seli mara 3 zisizidi. Baada ya hapo tabia zake hubadilika. Ukitaka akiba, gandisha baada ya kuhamisha mara ya kwanza, seli 500,000 kwa kijichupa, ndani ya FBS asilimia 90 na DMSO asilimia 10, zishuke digrii 1 kwa dakika hadi −80 °C, na kesho yake ziende kwenye naitrojeni kimiminika. Zisiachwe −80 °C kwa miezi, hasa mahali ambapo umeme hukatika. Kwenye kijichupa andika namba ya kiinitete, jenotaipu, idadi ya kuhamishwa na asilimia ya usafi, kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli.